Askari Huandikwa kwa Ahadi

BARIDI ya Yamumbi haina adabu. Mtu wa pwani aliyezoea kuamka na kikoi na kikombe cha kahawa tungu hujikuta amejitanda blanketi mpaka masikioni, na meno bado yanagongana. Kitongoji hiki kiko pembezoni mwa mji wa Eldoret, juu ya uwanda wa Uasin Gishu, mita 2,100 hivi juu ya bahari ile niliyoiacha Mombasa. Nilikwenda kumtazama sahibu yangu mmoja, sajini mstaafu. Tulijuana miaka mingi iliyopita alipokuwa katika kambi ya Nyali, naye jioni akivuka maji kuja kukaa barazani kwetu Mji wa Kale.

Siku ya pili, nimetoka kusali alfajiri, nikasikia kishindo cha miguu nje. Nilipofungua dirisha nikaona vijana kama ishirini wakipita mbio gizani, pumzi zikitoka vinywani kama moshi wa jiko. Wengine wamevaa viatu vya michezo, wengine miguu mitupu, na kila mmoja amebana bahasha kwapani.

"Kuna moto wapi?" nilimwuliza mwenyeji wangu kwa mzaha.

"Hakuna moto, Ustadh," alinijibu. "Leo ni siku ya kuandika askari. Hao wanawahi uwanja kabla haujajaa. Mwanangu yumo. Hii ni mara yake ya tatu."

Alisema neno hilo la mwisho kwa sauti ya chini, na mkewe aliyekuwa akichochea chai ya maziwa akainamisha kichwa. Nilijua kuna jambo, lakini mgeni haulizi kabla hajaambiwa. Nikanyamaza, nikanywa chai.

Asubuhi ile tulikaa barazani watu watatu: mimi, sajini wangu, na jirani yake, mzee wa Kinandi aliyekuja na mkongojo wake kuniamkia. Tukazungumza juu ya jeshi mpaka jua likapanda. Katika mazungumzo yale nilipata swali ambalo nimelichukua mpaka pwani, nami leo namletea msomaji: Je, ni kitu gani kinachomfanya mtu mwenye akili zake atoke nyumbani kwa mamake, akaandikishe jina lake katika daftari la watu wanaoweza kufa?

Wako watakaosema ni njaa. Wako watakaosema ni ushujaa. Mimi baada ya kusikiliza na kusoma nimeona kwamba yote mawili hayatoshi. Askari huandikwa kwa ahadi. Ahadi ikitimizwa, jeshi husimama. Ikivunjwa, bunduki hubaki ukutani bila mtu wa kuishika, au hushikwa ikageuzwa upande mwingine.

MAREKANI ILIPOKOSA WATU 700

Kabla hatujafika kwetu, natuvuke bahari kidogo. Msomaji wa leo akisikia "jeshi la Marekani" hufikiria meli na ndege zisizo idadi. Lakini taifa lile lilipokuwa changa, lilihangaika kutafuta askari kama mtu anayetafuta mkopo baada ya kuwadhulumu waliomkopesha mwanzo.

Vita vyao vya kujitoa chini ya mfalme wa Uingereza vilimalizika mwaka 1783. Mwezi Juni mwaka 1784 bunge lao likavunja jeshi lililobaki, likaacha watu 80 tu wa kulinda maghala ya silaha: 25 katika ngome ya Fort Pitt na 55 huko West Point. Kesho yake likaona mipaka ya magharibi haina mlinzi, likaomba majimbo manne yatoe watu 700 kwa muda wa mwaka mmoja. Watu 700, katika nchi yenye mamilioni! Na hata hivyo, si majimbo yote yaliyotimiza fungu lake.

Kwa nini? Sababu ya kwanza ilikuwa hofu. Raia walikuwa wameonja jeshi la mfalme likikaa katika miji yao, nao wakaamini kwamba jeshi la kudumu ni fimbo ya dhalimu. Walipenda zaidi mkulima ashike bunduki siku ya hatari, kisha arudi shambani. Sababu ya pili ilikuwa mshahara. Mwaka 1790 askari wa kawaida aliwekewa dola 3 kwa mwezi, na katika hizo akakatwa senti 90 za sare na senti 10 za matibabu. Akabaki na dola 2. Kijana mwenye nguvu za kukata miti angepata zaidi kwa jirani yake.

Lakini sababu ya tatu ndiyo nzito, nayo ni kumbukumbu. Wale waliopigana vita vya uhuru walilipwa kwa fedha za karatasi zilizopoteza thamani mikononi mwao. Tarehe 1 Januari, 1781, askari wa Pennsylvania wakaasi. Walikuwa hawajalipwa, na tena walisema waliandikwa kwa miaka mitatu, huku wakubwa wakidai waliandikwa mpaka vita viishe. Karatasi ni ile ile, kila upande unaisoma kivyake. Na ile ardhi ya ekari 100 aliyoahidiwa kila askari mwaka 1776, wengi waliishia kuiuza hati yake kwa madalali kwa bei ya kutupa, kwa kuwa tumbo halisubiri hati.

Ada ya mja hunena. Baba aliyedhulumiwa humsimulia mwanawe, na mwana anapoitwa hujikuna kichwa. Matokeo yakaonekana tarehe 4 Novemba, 1791. Jeshi lililookotwa huku na huko, halikufunzwa, halikulishwa vema, likaongozwa na Jenerali St. Clair kwenda kupigana na muungano wa Wamiami, Washawnee na wenzao waliokuwa wakiitetea nchi yao. Askari zaidi ya 600 waliuawa asubuhi moja. Ndipo bunge likazinduka: likaruhusu jeshi la watu zaidi ya 5,000, akapewa Jenerali Wayne, naye akakaa karibu miaka miwili akiwafunza kabla ya kuwapeleka vitani mwaka 1794. Wamarekani walijifunza kwa makaburi.

RUPIA ZA RAVINE

Sasa turudi nyumbani. Ukitoka Eldoret kwa njia ya Nakuru, ukapita Burnt Forest na Timboroa, utafika mahali pa kukata njia ya kwenda Eldama Ravine. Mji ule umetulia, na wapitao hawajui kwamba hapo ndipo serikali ya Kiingereza ilipopata somo lake kubwa la kwanza katika bara letu juu ya kuandika askari.

Waingereza walipoanza kutawala Uganda hawakuwa na jeshi lao. Mwaka 1891 Kapteni Lugard alikwenda karibu na ziwa Albert, akawachukua Wasudani waliobaki huko baada ya Emin Pasha kuondoka. Hawa walikuwa askari waliozoea kazi, Waislamu, waliokuwa zamani chini ya serikali ya Misri. Wao ndio waliotuletea neno "afande", ambalo asili yake ni la Kituruki, efendi. Askari wetu wa leo anapopiga saluti na kulitamka, anatamka bila kujua historia ya watu hao.

Wasudani walitumwa kila mahali palipokuwa na fujo. Mwaka 1897 walikuwa wamepigana na Wanandi, wakapelekwa Buganda kupigana na Kabaka Mwanga, kisha kabla jasho halijakauka wakaamriwa kufuatana na Meja Macdonald katika safari ya mbali, ambayo mwisho wake hawakuambiwa. Mshahara wao ulikuwa rupia 4 hivi kwa mwezi, nao ulicheleweshwa kwa miezi, tena mara nyingi ukalipwa kwa nguo badala ya fedha. Mpagazi wa Kiswahili aliyebeba mzigo nyuma yao alipata zaidi ya yule aliyebeba bunduki mbele yake. Na juu ya hayo, walitakiwa kuwaacha wake zao na watoto.

Walikwenda kulalamika. Hawakusikizwa. Mwezi Septemba, pale Ravine, wakakataa kwenda. Na walipojitenga wakapigiwa risasi. Basi wakaondoka na bunduki zao, wakapita nchi ya Wanandi mpaka Busoga, wakaishika ngome ya Luba. Kiongozi wao alikuwa Mabruk Effendi. Tarehe 19 Oktoba, 1897, Macdonald alipigana nao kilimani kwa saa nyingi, na wengi katika watu wake walikuwa Waswahili waliotoka pwani hii yetu, mia tatu na zaidi, ambao wengi wao hawakuwahi kufunzwa vita. Waislamu wa pande mbili wakamwagiana damu kwa ugomvi wa mshahara wa mtu mwingine. Siku ile ile waasi wakamwua Meja Thruston, ofisa aliyekwenda kwao kwa kuamini kuwa wanampenda, pamoja na Wazungu wenzake wawili. Ilipasa kuletwa majeshi kutoka Bara Hindi, na uasi haukuvunjwa nguvu mpaka mwaka 1898.

Kisha serikali ikafanya nini? Ikaongeza mshahara. Rupia chache zilizobaniwa zikalipwa kwa roho za watu na gharama ya vita vya miezi. Ningekuwa mwalimu wa mawaziri wa fedha, ningewapeleka wote Ravine wakakae siku moja wakifikiri.

KIKEYA NA KARIAKOO

Tarehe 1 Januari, 1902, vikosi vya Afrika ya Mashariki na ya Kati viliunganishwa vikaitwa King's African Rifles, yaani KAR, ambayo wananchi wakaifupisha wakaiita Keya. Maofisa wa Kizungu wakaanza kuyagawa makabila kama mtu anayechagua ng'ombe mnadani: haya ya vita, haya si ya vita. Mtu wa pwani akatiwa katika fungu la wasiofaa. Lakini Keya haikuweza kutembea hata hatua moja bila lugha yake. Mnandi, Mkamba, Mnubi na Mnyasa waliamriwa, wakafunzwa, wakatukanwa na wakasifiwa kwa Kiswahili, ingawa ni Kiswahili kilichokatwa miguu, ambacho watu walikiita Kikeya. Kwa hiyo pwani haikutoa mabega mengi, lakini ilitoa ulimi.

Vita vya Wazungu vilipozuka Agosti 1914, Keya ilikuwa na askari 2,300 na kitu tu. Hapa Uasin Gishu walowezi wa Kikaburu walipanda farasi wao wakaenda Nairobi kujiunga na kikosi cha kujitolea. Ari ilikuwa kubwa, lakini mahindi hayajui vita. Baada ya miezi wengi walitaka kurudi mashambani, wengine wakahamia vyeo vingine, na kikosi kile cha wapanda farasi kikayeyuka kama barafu. Mwaka 1915 serikali ikalazimika kutunga sheria ya kuwashurutisha Wazungu wenyewe. Ni ule ule ugonjwa wa Marekani: mkulima ni shujaa mpaka msimu wa kuvuna ufike.

Kwa Mwafrika hapakuwa na kubembelezana. Jeshi lilitaka wapagazi, kwani huko kusini hapakuwa na njia za magari, na mbung'o waliua wanyama wa mizigo. Pwani tulikuwa tumeshaona dalili. Wazee wa Kigiriama husimulia kwamba mwaka 1913 Bwana Champion, mkuu msaidizi wa wilaya, alipoitisha mkutano wa kutaka vijana, Mekatilili wa Menza alikuja na kuku na vifaranga vyake. Akamwambia, "Chukua kifaranga kimoja uone." Kuku akamrukia kwa midomo. "Ndivyo tutakavyofanya sisi," akasema mama yule, "ukichukua wana wetu." Alikamatwa akapelekwa bara, akatoroka, akarudi kwa miguu. Mwezi Agosti 1914 serikali ikaipasua Kaya Fungo kwa baruti, na baada ya mapigano Wagiriama wakatozwa faini ya rupia 100,000 na watu 1,000 wa kwenda kubeba mizigo.

Msomaji na azingatie neno hilo. Watu walitozwa kama faini! Mahali ambapo ahadi haiaminiki, hubaki kamba. Sheria ya mwaka 1915 ikaruhusu kuwachukua wapagazi kwa nguvu, kwa mshahara wa rupia 5 kwa mwezi, zikipanda hadi 6. Mwaka 1917 ikafuata fagio kubwa iliyopita kila wilaya. Waliitwa Carrier Corps, sisi tukasema Kariakoo, na jina hilo limebaki katika masoko ya Dar es Salaam na Nairobi, ambako watu leo hununua nyanya na vikapu bila kujua wanakanyaga kambi ya nani.

Unga usioiva, kuhara damu na homa viliwaua wengi kuliko risasi. Hesabu ya serikali yenyewe ilizidi 40,000, na wako wanahistoria wanaosema idadi ya kweli ilikaribia 100,000. Mishahara ya maelfu ya waliokufa haikuwafikia jamaa zao. Waliwekewa sanamu Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam, zikafunuliwa miaka kumi hivi baada ya vita. Maandishi ya ile ya Nairobi ni kwa Kiarabu, Kiingereza na Kiswahili, nayo yanawaahidi waliokufa kwamba wana wao watayakumbuka majina yao. Lakini majina hayakuandikwa.

Nilipofika hapo katika mazungumzo yetu, sajini wangu aliweka kikombe chini. "Babu yangu alikuwa Kariakoo," akasema. "Alirudi peke yake, ndugu yake akabaki huko. Alituonyesha kibati chenye namba aliyovalishwa shingoni. Alikiweka mpaka akafa, akitumaini siku moja ataitwa kulipwa haki ya ndugu yake."

WALIOSHINDA WAKASHINDWA

Ndipo mzee wa Kinandi akacheka, kicheko kisicho furaha. "Wako alikosa fedha," akamwambia jirani yake. "Wangu alikosa ardhi."

Kisa cha Wanandi ni cha ajabu. Walipigana na Waingereza miaka kumi, mpaka Oktoba 1905 Koitalel arap Samoei alipopigwa risasi na Meinertzhagen katika mkutano ulioitwa wa amani. Haikupita miaka kumi mingine, vijana wa kabila lile lile wakawa nguzo ya Keya. Mtu atauliza, walisahau? La. Walikuwa wamepoteza ng'ombe, kodi inadaiwa, na Keya ililipa, ikavisha, ikampa kijana heshima ya silaha aliyonyang'anywa. Keya ilikuwa ahadi. Ilipofika mwisho wa vita mwaka 1918, Keya ya watu 2,300 ilikuwa imepita 30,000.

Kisha ikaja malipo. Mwaka 1919 serikali ilianzisha mpango wa kuwapa mashamba askari waliorudi vitani, mashamba zaidi ya 1,000. Askari wa Kizungu, si mwingine. Na sehemu ya ardhi iliyogawanywa ilikatwa katika nchi ya Wanandi, pande za Kipkarren na Kaimosi. Askari wa Kinandi alirudi na medali kifuani akakuta malisho ya babake yana mwenye hati, naye ni mtu waliyepigana upande mmoja. Mwaka 1923 Wanandi walipotaka kukusanyika kwa sherehe yao ya kukabidhiana rika, serikali ikaogopa, ikaizuia, ikamkamata kiongozi wao Barsirian arap Manyei. Alifungiwa mpaka mwaka 1964, Kenya ikiwa imeshapata uhuru.

Nilitazama nyuso za wazee wale wawili. Msomaji anajua yaliyopita katika mitaa hii ya Eldoret baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, jirani akamkimbia jirani. Sitayafukua. Nitasema tu kwamba asubuhi ile, wajukuu wa watu wawili waliodhulumiwa na mwajiri mmoja walikuwa wakinywa chai katika birika moja, na kila mmoja akasikiliza habari ya babu wa mwenzake mpaka mwisho.

Vita vya pili, 1939 hadi 1945, vilichukua Wakenya 98,000 hivi, wengine mpaka misitu ya Burma. Nao wakarudi na maswali zaidi kuliko majibu. Hata uhuru ulipokuja, deni la zamani liligonga mlango: tarehe 24 Januari, 1964, wiki sita tu baada ya bendera kupanda, askari wa kikosi cha 11 cha Kenya Rifles waliasi kule Lanet, siku chache baada ya wenzao wa Tanganyika na Uganda. Walilalamikia mshahara, na maofisa wa Kiingereza waliobaki juu yao. Ni malalamiko ya Ravine, kwa kinywa kipya.

LEO UWANJA UMEJAA

Sasa mambo yamegeuka. Zamani serikali ilitafuta watu wakajificha. Leo watu wanaitafuta serikali. Siku ya kuandikisha, uwanja hujaa vijana mamia kwa mamia wakigombea nafasi za kuhesabika kwa vidole. Wanapimwa urefu na uzito, wanatazamwa meno na nyayo, wanakimbizwa, vyeti vinakaguliwa. Waliobahatika huja hapa hapa Eldoret, katika kambi ya Moi Barracks, iliyo chuo cha makuruta wa nchi nzima. Mshahara unajulikana, unafika kwa tarehe, na mtu akistaafu ana kiinua mgongo. Hili ni jema, na lazima lisemwe: ahadi ile ya fedha, iliyowashinda Waingereza Ravine, imetimizwa.

Lakini palipo na asali hapakosi nyuki. Magazeti yetu yameripoti mara kwa mara habari za vijana wanaofika lango la kambi wakiwa na sanduku na barua ya kuitwa, kumbe barua ni bandia. Hapo ndipo mwenyeji wangu aliponieleza lile alilolificha asubuhi. Mara ya pili mwanawe alipokosa, alikuja mtu mwenye suti na maneno laini, akasema ana njia. Mama akauza ng'ombe wawili wa maziwa bila ya mumewe kujua. Barua ikaja, ina muhuri. Kijana akaagwa kwa sala na majirani. Jioni akarudi kwa miguu kutoka langoni, amebeba sanduku kichwani, akapita nyuma ya nyumba ili asionekane.

"Mimi nilitumika miaka ishirini na zaidi," sajini alisema. "Sikumpa mtu hata kikombe cha chai nipate kuingia. Lililoniuma si ng'ombe. Ni kwamba mwanangu aliamini kuwa mlango niliopita mimi hununuliwa."

Sheria tunayo. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 238, inaamuru kwamba uandikishaji katika vyombo vya usalama uwe na sura ya Wakenya wote kwa fungu la haki. Sisi wa pwani tunalisoma neno hilo kwa makini, maana tuliwahi kuambiwa hatufai. Lakini sheria hukaa kitabuni. Mwenye kuitoa ni mtu aliyesimama uwanjani na kalamu.

Iko na ahadi nyingine isiyohesabiwa kwa shilingi, nayo ni ya ukweli. Tarehe 15 Januari umbali haukuzuia huzuni kufika Eldoret: asubuhi ile ya mwaka 2016 kambi ya Wakenya huko El Adde, Somalia, ilivamiwa, na askari wengi waliouawa walitoka katika kambi hii ya Moi Barracks. Tarehe 27 mwezi ule ule marais watatu, wa Kenya, wa Nigeria na wa Somalia, walikuja hapa katika ibada ya kumbukumbu. Lakini serikali haikutangaza wakati ule hesabu kamili ya waliokufa. Nikakumbuka kile kibati cha babu wa sajini. Mzazi aliyemtoa mwanawe hadai siri za vita. Anadai aambiwe alipo, na jina lake liandikwe.

Basi kwa wakubwa wenye daftari nina maneno machache. Mlango na uwe wazi, asiingie mtu kwa ng'ombe wa mamake. Familia ya aliyekufa ilipwe bila kuzungushwa ofisi kwa ofisi. Na askari anaporudi nyumbani akute kwao pangali kwao. Jeshi hupoteza vita vingi kabla ya risasi ya kwanza, na vita hivyo hupigwa kwenye daftari la mishahara.

Jua lilipokuwa linatua kijana alirudi. Safari hii alipita mbele ya nyumba. Alikuwa na vumbi mpaka kwenye nyusi, na mkononi hana namba wala barua. Aliniamkia, akamwamkia babake, akakaa. Hakuna aliyeuliza, mamake alimpa chai.

Baada ya muda akasema mwenyewe, "Nilifika mpaka hatua ya mwisho. Nafasi zikaisha." Kisha akamtazama babake. "Lakini leo sikumpa mtu hata senti."

Sajini hakujibu. Alivua koti lake akamvika mwanawe, kwa kuwa baridi ya Yamumbi ilikuwa imeanza tena. Mimi nikatoa kalamu nikaandika ubeti huu:

Ahadi ni deni zito, mkopaji ulilipe,
Asikari si mtoto, haki yake usikwepe,
Akikungilia moto, kivuli nawe umpe,
Asije kuona juto, bunduki akaitupe.